Sado, debe au mtungi: uchambuzi wa bajeti ya kupikia katika kaya moja ya Mbagala

Kaya tunayoichambua ina watu watano na imepanga vyumba viwili Mbagala, Dar es Salaam. Baba anaendesha bodaboda ya mkataba: kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, anatoa mafuta, kinachobaki ndicho chake. Mama ni fundi cherehani na anashonea nyumbani. Watoto watatu wanasoma. Asubuhi baba anaacha 10,000 ya matumizi ya jikoni, na jioni hela hiyo imekwisha. Kodi ya nyumba hulipwa kwa miezi mitatu kwa mpigo, kwa hiyo akiba kidogo inayopatikana tayari ina mwenyewe.

Kaya hii imeundwa kwa ajili ya uchambuzi, lakini hakuna kitu ndani yake ambacho hakipo mtaani. Bei za mkaa, gesi na vifaa ni za kisa hiki. Msomaji aweke za kwake na kurudia hesabu. Bei za umeme ni za TANESCO, shirika la umeme; tutazifikia.

Swali ni moja. Kaya hii inanunua mkaa kwa sado, lile kopo dogo la kupimia, na kwa kilo hakuna namna ya kununua mkaa iliyo ghali kuliko hiyo. Je, inakosea?

Inavyonunua sasa

Sado moja ya mkaa ni 2,000 na ikipimwa kwenye mizani inatoa kilo 1.2. Debe ni 8,000, kilo 6. Gunia ni 65,000, kilo 55. Kwa kilo, basi, mnunuzi wa sado analipa 1,667, wa debe 1,333, wa gunia 1,182.

Siku za kawaida jiko linakula sado moja. Siku za maharage, ambazo ni tatu kwa wiki, linakula mbili. Jumla ni sado kumi, yaani kilo 12 na shilingi 20,000 kwa wiki. Ukizidisha kwa mwezi unakaribia gunia zima lililonunuliwa kwa vipande, kwa 86,000 badala ya 65,000.

Watu wengi wakiona tofauti hiyo ya 21,000 husema mama huyu hajui kupanga. Tunakataa. Angalia 10,000 ya asubuhi: unga, mboga, mafuta ya kupima, sukari robo, nyanya, hela ya mtoto ya shule. Ukitoa 2,000 ya mkaa inabaki 8,000 na siku inakwenda. Ukitoa 8,000 ya debe inabaki 2,000, na watoto hawali debe. Kikomo chake hakiko kwenye mwezi, kiko kwenye siku. Ndani ya kikomo hicho sado ndiyo chaguo sahihi, na ina faida ambayo gunia haina: baba akirudi mikono mitupu kwa sababu ya mvua, kesho mama anaweza kununua nusu sado, au kupika kitu kinachoiva haraka. Mwenye gunia hawezi kuugeuza mkaa ukawa dawa ya mtoto saa nne usiku.

Kwa hiyo ushauri wa "nunua kwa jumla" hauna maana mpaka uoneshe hela ya kwanza itatoka wapi. Uchambuzi huu unafuata njia hiyo: shilingi ya nyongeza ikipatikana, iende wapi kwanza ili irudi upesi na kuleta nyingine?

Kipimo: joto linalofika kwenye sufuria

Kulinganisha kilo ya mkaa na kilo ya gesi moja kwa moja ni kujidanganya. Kinachonunuliwa ni joto linaloingia kwenye chakula. Kilo ya mkaa mkavu ina takribani megajuli 29 (megajuli ni kipimo cha nishati), lakini jiko la bati la kawaida hufikisha kwenye sufuria kama asilimia 20 tu, yaani megajuli 5.8. Jiko bora lenye udongo wa kuchoma ndani hufikisha kama asilimia 30, megajuli 8.7. Kilo ya gesi ina megajuli 46 na jiko lake hufikisha kama nusu, megajuli 23. Uniti ya umeme ni megajuli 3.6, na birika au jiko la presha la umeme hutumia sehemu kubwa ya hizo, kama asilimia 85.

Tuchukue mtungi wa kilo 6 kujazwa kwa 24,000, yaani 4,000 kwa kilo. Megajuli moja iliyofika sufuriani inagharimu hivi:

- mkaa wa sado, jiko la bati: 287
- mkaa wa debe, jiko la bati: 230
- mkaa wa sado, jiko bora: 192
- gesi: 174
- mkaa wa debe, jiko bora: 153
- umeme wa 356 kwa uniti, birika au presha: 116

Safu hii inaeleza ubishi mwingi wa vibarazani. Anayesema gesi ni nafuu kuliko mkaa na anayesema mkaa ni nafuu kuliko gesi wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Mmoja ananunua sado na kupikia jiko la bati, mwingine ana debe na jiko bora. Wanalinganisha gesi na mikaa miwili tofauti.

Kipimo hiki kina upungufu mmoja mkubwa: kinadhani moto unatumika wote. Mkaa hauzimwi kama taa. Ukiwasha jiko kwa ajili ya chai unaweka si chini ya gramu 300, chai inaiva, makaa yanaendelea kuungua bila sufuria. Maji ya chai ya watu watano, lita mbili kutoka joto la kawaida la Dar hadi kuchemka, yanahitaji megajuli 0.61 tu. Kwa gesi hizo ni gramu 27, kama shilingi 106. Kwa birika la umeme ni uniti 0.2, shilingi 71. Kwa mkaa wa sado ni shilingi 500, hata ukiwa mwangalifu. Mapishi mafupi ndipo mkaa unapokula fedha bila kuonekana.

Bei halisi ya maharage

Hapa ndipo kisa hiki kinapofundisha zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo tukae kidogo.

Mama anapanga mboga ya jioni. Nusu kilo ya maharage ni 1,500. Dagaa wa kuwatosha ni 2,500. Kila anayepita sokoni atasema maharage ni nafuu. Lakini dagaa huiva kwa robo saa juu ya makaa yaleyale yaliyopikia ugali. Maharage makavu yanadai sado nzima ya ziada. Bei yake ya kweli mezani ni 3,500, na dagaa ni 2,500. Siku tatu kwa wiki kaya hii inapika mboga ya ghali ikiamini inabana matumizi.

Hii ndiyo sababu maharage yaliyokwisha kuchemshwa, yanayouzwa jioni kwenye mabeseni mitaani, yana wateja wengi. Muuzaji anachemsha kilo nyingi katika sufuria moja, moto wake unagawanyika, kwa hiyo anaweza kuuza juu ya bei ya maharage makavu na bado mnunuzi akabaki na nafuu. Kuyanunua si uvivu.

Sasa weka hatua ambayo haigharimu kitu: kuloweka. Maharage yakichambuliwa na kulowekwa usiku, maji yakiwa mara tatu ya kipimo chake, asubuhi yamevimba na ngozi imelainika. Mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha yatokote, kisha funika na kupunguza moto. Muda wa kuiva hupungua kwa kama theluthi, mara nyingine zaidi. Ile sado ya ziada, kilo 1.2, inashuka kuwa kilo 0.8.

Kinachoharibu hesabu hapa ni maharage ya zamani. Yaliyokaa muda mrefu kwenye ghala lenye joto na unyevu hugoma kuiva hata yakilowekwa, na mpishi anamaliza mkaa akilaumu jiko. Dalili ni rangi iliyofifia au kuwa nyeusi-nyeusi kwa yale mekundu, na ngozi iliyokunjamana kabla ya kuguswa na maji. Ukipunguziwa 300 kwa kilo ili uchukue ya namna hiyo, utazirudisha zote kwa mkaa na kuongeza. Magadi kidogo huharakisha, lakini hupunguza vitamini na kubadili ladha; yabaki kuwa dawa ya dharura.

Kupika bila kufunika sufuria ni kosa jingine la kila siku. Mvuke unaotoka umelipiwa.

Ngazi ya shilingi ya nyongeza

Kanuni ni rahisi kuitamka: kila shilingi iliyopatikana iende kwanza pale inaporudisha zaidi kwa wiki. Kwa kaya hii mpangilio unatoka hivi.

Kuloweka: mtaji sifuri. Mkaa wa wiki unashuka kutoka kilo 12 hadi 10.8, matumizi kutoka 20,000 hadi 18,000. Inaokoa 2,000 kwa wiki.

Debe: mtaji wa ziada ni 6,000 tu, yaani tofauti ya 8,000 na 2,000 ambayo ingetoka siku ile kwa vyovyote. Kilo 10.8 kwa bei ya debe ni 14,400. Inaokoa 3,600 kwa wiki. Hela ya 6,000 inajilipa ndani ya siku kumi na mbili. Kaya isiyo na 6,000 ina haki ya kukopa kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi kwa ajili ya hili, maana riba ni 600 na faida ya mwezi inapita 15,000.

Jiko bora: 15,000. Mkaa unashuka kwa theluthi, kilo 7.2, shilingi 9,600. Inaokoa 4,800 kwa wiki, wiki tatu na kidogo limejilipa. Hapa pana hatari ya bidhaa: jiko lililopakwa rangi nzuri lakini udongo wake wa ndani haukuchomwa vizuri hupasuka mwezi wa kwanza. Gonga udongo kwa kidole. Sauti iwe kavu na ya kulia, si nzito. Tazama pengo kati ya udongo na bati, lijazwe saruji kote. Mlango wa chini, unapoingilia upepo, ufungike na kufunguka, kwa sababu kuufunga ndiyo njia pekee ya kupunguza moto wa mkaa. Na usimwagie maji jiko la moto.

Birika la umeme: 25,000. Linaondoa mkaa wa chai, linaongeza umeme wa kama 500 kwa wiki, linaokoa takribani 1,370. Linajilipa kwa wiki kumi na nane. Sharti lake ni chai ya rangi: majani na tangawizi viwekwe kwenye chupa ya chai, si ndani ya birika. Ukichemshia maziwa, yanaungulia chini na birika halifiki mwezi.

Tazama kasi ya ngazi hii. Wiki tatu za kuloweka zinazaa 6,000 ya debe. Wiki tatu zinazofuata, zenye akiba ya 5,600 kila moja, zinazaa jiko bora. Baada ya hapo kaya inaokoa 10,400 kwa wiki ikilinganishwa na ilipoanzia, na wiki tatu nyingine zinaleta birika. Bila mkopo wala nyongeza ya kipato, kufikia wiki ya kumi matumizi yameshuka kutoka 20,000 hadi kama 8,200.

Hiyo ni karatasi. Jikoni hela iliyookolewa ina miguu: inageuka mboga bora, soda ya mgeni, nauli. Na si vibaya. Watu hawaishi ili kuweka akiba ya mkaa. Kaya ikidunduliza nusu tu ya inachookoa, ngazi inachukua muda maradufu, bado haifiki miezi sita. Kinachosaidia ni kuitoa hela mapema. Siku ambayo zamani ingenunuliwa sado ya pili, 2,000 iingie kwenye kibubu asubuhi, kabla ya sokoni. Ikisubiri jioni haipo.

Mbona gunia halimo? Kwa sababu kutoka sado hadi debe bei ya kilo inashuka kwa 334, na kutoka debe hadi gunia inashuka kwa 151 tu, huku mtaji ukiruka kutoka 8,000 hadi 65,000. Mkaa mwingi ukiwa uani huchomwa bila kupimwa, na jirani anakuja kuazima. Matumizi yakiongezeka kwa asilimia 13, faida yote ya gunia dhidi ya debe imeliwa. Wakati wake ni mmoja: kabla ya masika ya Machi hadi Mei, barabara za mashambani zinapoharibika na bei kupanda, na iwapo kuna mahali pakavu pa kuliweka. Mkaa ulionyonya unyevu ni mzito kwenye mizani na mwepesi kwenye moto.

Gesi inaingia wapi

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na mtungi wa kilo 6 ndio umekuwa sura yake mitaani. Mtungi kamili na jiko la kukaa juu yake tuuweke 55,000, ndani yake mna gesi ya 24,000.

Kaya ikiuchukua siku ya kwanza, ikiacha sado na jiko la bati, inapata nafuu ya waziwazi: joto lilelile la kilo 12 za mkaa linatolewa na kilo 3 za gesi, 12,000 badala ya 20,000 kwa wiki. Lakini ikiwa imekwisha kupanda ngazi, mkaa wake uliobaki ni kilo 5.8 kwa wiki, shilingi 7,700, na kuuondoa wote kwa gesi kungegharimu kama 8,800. Kwa fedha tupu, gesi ya kupikia kila kitu sasa ni ghali zaidi. Tunalisema hili wazi kwa sababu matangazo hulinganisha kifaa kipya na mpishi aliye katika hali mbaya kuliko zote, na mnunuzi mwenye jiko bora anabaki akishangaa mbona hakuokoa alichoahidiwa.

Hata hivyo gesi inastahili nafasi, kwa sababu mbili ambazo safu ya bei haikuzibeba. Ya kwanza ni mapishi mafupi: kupasha, mayai, uji, mboga za majani. Huko karibu nusu ya mkaa huishia majivu, na gesi inazimwa sekunde chakula kinapoiva. Ya pili ni saa za mama. Kuwasha mkaa mpaka ushike ni dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku. Kwa wiki ni kama saa nne, tena akiwa kwenye moshi. Kama saa moja ya cherehani inamwingizia 1,000, basi hizo ni kama 4,000 kila wiki, kuliko akiba yoyote ya nishati iliyobaki. Ila thamani hiyo inakuja na kazi: Januari ya sare za shule, wiki za kabla ya Idi na Krismasi, kila dakika ina mteja. Miezi mikavu, saa iliyookolewa haina mnunuzi, ingawa kifua chake kinaendelea kunufaika.

Kwa hiyo mpangilio unaofaa kaya hii ni mchanganyiko: birika kwa chai, gesi kwa mapishi mafupi, jiko bora kwa maharage na ugali. Ugali ubaki huko kwa sababu ya usalama pia. Jiko la kukaa juu ya mtungi linayumba mtu akisonga, na sufuria ya moto ikipinduka aliye karibu ni mtoto. Anayetaka kusongea kwenye gesi anunue jiko la mezani la sahani mbili na mpira wake, na aongeze gharama hiyo kwenye hesabu.

Kwa matumizi hayo mtungi wa kilo 6 unadumu miezi miwili au zaidi. Wengi hufikia mahali hapa kwa uzoefu na kusema "gesi ni ya chai, maharage yanamaliza mtungi". Kwa maharage yaliyolowekwa, sufuria iliyofunikwa na moto ulioshushwa baada ya kutokota, gesi inayokwenda ni gramu 200 hadi 300, shilingi 800 hadi 1,200. Mwenye sado na jiko la bati, ambaye mkaa wa kazi hiyohiyo unamgharimu 1,300 hata akiloweka, anakosea kuyaepusha na gesi. Mwenye debe na jiko bora analipa kama 710, yeye yuko sahihi. Kinachowaogopesha wote wawili ni kwamba maharage yanaileta karibu siku ya kulipa 24,000 kwa mkupuo, na siku hiyo ndiyo inayovunja mpango mzima.

Gesi ikiisha Jumatano na mfukoni kuna 9,000, kaya inarudi kwenye sado siku hiyohiyo, na mtungi unakaa mtupu uvunguni kwa miezi. Dawa ni kuihesabu gesi kama matumizi ya siku. Ukijua mtungi unadumu siku 60, tenga 400 kila siku kuanzia siku ulipojaza, si siku moto unapogeuka wa manjano na kufifia. Hela hiyo ikikaa kwenye simu, ilipwe kwa wakala moja kwa moja kwa lipa namba. Ukiitoa taslimu makato yanakula sehemu yake. Baadhi ya mawakala hukubali kupokea kidogo kidogo na kuandika daftarini. Kampuni zinazofunga mita kwenye mtungi na kukuuzia gesi kwa simu kwa kiasi ulicho nacho zimelenga tatizo hilihili. Kabla ya kujiunga, gawa unacholipa kwa kilo unazopata. Bei ya kilo ikizidi ya kawaida kwa kidogo, hiyo ni gharama ya kutosubiri na inaweza kustahili.

Na pima mtungi. Uzito wake mtupu umegongwa kwenye shingo au kola ya chuma. Jumlisha 6, weka kwenye mizani mbele ya muuzaji. Ukipungua gramu 300 umepoteza 1,200, yaani siku tatu za kudunduliza. Ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakikua, funga na urudishe. Kiberiti hakipimi uvujaji.

Umeme: bei nzuri, mlango mwembamba

Kwa viwango vya 2016, mteja wa majumbani wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida hulipa 292. Ongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, unapata zile 122 na 356 ambazo kila mtu anazijua kwenye Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kodi ya jengo ya 1,500 kwa mwezi inayokatwa tangu Julai 2023 isiingizwe kwenye bei ya uniti. Itakatwa upike usipike, kwa hiyo haipaswi kubadili uamuzi wa kuchemsha chai, ingawa ukinunua Luku ya 5,000 mwanzoni mwa mwezi na kuona uniti chache, ni rahisi kuamini kwamba birika ndilo lililokula.

Kaya iliyo kwenye kundi dogo iwe na hadhari moja. Birika kila asubuhi ni kama uniti 6 kwa mwezi. Kukiwa na jokofu, feni na pasi, huenda uniti 75 ziko karibu, na kila inayovuka hapo huuzwa kwa 350 kabla ya makato, yaani 427 mkononi. Soma mita wiki mbili kabla ya kununua kifaa chochote cha joto.

Jiko la presha la umeme huivisha nusu kilo ya maharage kwa takribani nusu uniti, shilingi 178. Bei yake tuiweke 150,000. Dhidi ya kaya ya mwanzo, isiyoloweka na inayonunua sado, linaokoa kama 5,500 kwa wiki na kujilipa kwa kama wiki 27. Dhidi ya kaya iliyokwisha kupanda ngazi linaokoa 1,600 na linahitaji wiki 94. Ni kifaa kilekile. Ndiyo maana mpangilio wa kununua una uzito kuliko ubora wa kitu kimoja kimoja: mwenye 150,000 leo na hana chochote kati ya hivi, aanze na debe, jiko bora, birika na mtungi. Vyote pamoja ni 101,000.

Kwa wapangaji, mlango unaweza kufungwa kabla ya hesabu. Nyumba nyingi za kupanga zina Luku moja, na watu huchangia kwa chumba. Anayepikia umeme analipiwa na jirani, mwenye nyumba anapiga marufuku, na yuko sahihi. Mita ndogo ya ndani kwa kila chumba inamaliza ugomvi. Wapangaji wakiichangia, fundi aangalie pia nyaya, kwa kuwa soketi ya zamani iliyofungwa kwa ajili ya redio haibebi wati 1,000 kwa saa nzima. Isipowezekana, hatua ya birika iondolewe na mkaa wa chai uhamie kwenye gesi moja kwa moja.

Bei zikibadilika

Kwenye jiko la bati, gesi ya 4,000 kwa kilo ni nafuu kuliko mkaa maadamu sado inazidi kama 1,200. Kwenye jiko bora mpaka huo ni kama 1,800. Gesi ikipanda hadi 5,000 kwa kilo, mipaka inasogea hadi 1,500 na 2,270. Mama akijua namba hizo mbili za jikoni kwake hahitaji kurudia uchambuzi wote kila bei inapotikisika. Anasimama mbele ya muuza mkaa, anaitazama sado, anaamua.

Maharage nayo yamebadilika nafasi. Yaliyolowekwa, kwa debe na jiko bora, sasa yanafika mezani kwa 2,210, chini ya dagaa wa 2,500. Kaya itayapika mara nne badala ya tatu, na mkaa utaongezeka kidogo kuliko tulivyoandika juu. Hilo litarajiwe na liachwe, kwa sababu watoto wanakula vizuri zaidi kwa hela ileile.